Umeniona Tangu Wapi?

Mama mkwe wangu alikuwa mfupi kiasi kwamba siku ya kwanza nilipopelekwa kwake Gulwe nilimdhania mtoto wa jirani. Alisimama mlangoni na kitenge begani, akitutazama tukija kutoka stesheni, nami nilikaribia kumpa mfuko wangu anishikie. Mume wangu ndiye aliyeniokoa. Aliinama upesi akasema, "Shikamoo, mama," nami nikapiga magoti kando yake, uso ukiniwaka.

Alitucheka wote wawili.

"Marahaba. Mbukwenyi," akaongeza salamu ya Kigogo, ili nijue nimefika kwa nani. "Watu wa mjini mnatazama juu juu tu. Karibuni ndani."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Songea, niliyepangiwa kazi Dodoma mjini na kuolewa hukohuko. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sabuni ilirudi, sukari ikarudi, mitumba ikamwagwa chini kila sokoni, na watu walizungumza kwa kasi, kama vile hata maneno nayo yalikuwa yamefichwa stoo muda wote ule. Mimi nilijiona mtu wa kisasa. Nilikuwa na kaunda suti ya kike na pochi ya plastiki nyekundu, na nilikuwa nimeamua kimoyomoyo kwamba mama mkwe atakuwa mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, kisha basi.

Uamuzi huo haukufika hata jioni ya siku ya pili.

Tulikuwa uani tunapepeta uwele, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Treni ya mizigo ilikuwa imepita, vumbi likatulia, na nje ya boma nikaona kichuguu kikubwa chekundu ambacho hakuna aliyekigusa, ingawa majirani walikuwa wanafyatua tofali kila upande. Nikauliza kwa nini hawatumii udongo ule mzuri.

"Hapo hapachimbwi," alisema. "Hapo walikuwa wanakaa watu wafupi."

Nilidhani anajisema mwenyewe kwa utani. Lakini aliendelea kupepeta, uso wake umetulia. Alinieleza kwamba kabla Wagogo hawajafika na ng'ombe wao, nchi hii ilikuwa ya watu wafupi. Walibeba pinde ndogo na walijua kila mzinga wa nyuki porini. Hawakulima wala hawakufuga. Ukiwa na mtama, uliuacha kwenye ukingo wa shamba, ukarudi baadaye ukakuta umechukuliwa na mahali pake pana asali kwenye kibuyu. Hukuwaona. Majani yalifika mpaka vichwani mwao.

"Na ikitokea umekutana naye uso kwa uso," alisema mama, "anakuuliza swali moja tu. Ukilijibu vibaya anakuchoma mshale."

"Swali gani?"

"Anakuuliza: umeniona tangu wapi?"

Ungo ulinitoka mikononi. Uwele ukamwagika mkeka mzima, kuku wakaja mbio.

"Mama! Ukimwambia 'nimekuona hapahapa' anakasirika, kwa sababu umemwona ni mfupi!"

Sasa yeye ndiye aliyeacha kupepeta. "Nani amekwambia?"

"Na ukimwambia 'nimekuona tangu kule mlimani' anafurahi, anakuacha upite! Mama, hiyo ni hadithi ya bibi yangu. Ya kwetu Songea!"

Alisimama. Akanishika mkono, akaninyanyua, kuku wakila uwele wetu kwa raha zao. "Songea ni wapi? Mbali gani?"

"Mbali sana. Unapanda gari, unalala njiani."

"Na huko nako wapo?"

"Kwetu wana ndevu ndefu mpaka magotini. Wanakaa kwenye maporomoko. Lakini swali ni lilelile."

Tulitazamana. Sijui nilieleze vipi lile tulilolisikia. Ni kama watu wawili waliokutana safarini wakagundua kwamba walinyonya ziwa moja. Mtu asiyewahi kupanda gari kwenda kusini na mtu aliyefika Ugogo juzi tu, na wote tuna jibu lilelile kinywani. Mama alianza kucheka, nikacheka, akaniuliza upya kila kitu tangu mwanzo, ndevu zilikuwa za rangi gani, walikula nini, wanawake wao walikuwaje. Mume wangu alitoka ndani kuangalia kuna nini, akakuta mkeka umejaa kuku na sisi tumeshikana mikono kama wasichana.

Siku hiyo pia alinionyesha kitu kingine. Bibi yake mama mkwe, mzaa mama, alikuwa na bibi ambaye hakuwa mzaliwa wa huku. Ukoo ulisema tu kwamba alitoka porini na watu wa asali, akaolewa, akazaa, akafa bila kusimulia chochote. Kilichobaki kwake ni sauti moja ya kubembelezea watoto. Mama aliubandika ulimi wake kwenye paa la kinywa, akaubandua ghafla, ukapiga kidoko, kisha ikafuata irabu ndefu ya puani. Nilijaribu, nikatoa mate. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Haina maana yoyote," alisema. "Lakini wanangu wote nimewanyamazishia hiyo."

Baada ya hapo sikuwa na raha. Shuleni nilimuuliza kila mwalimu niliyekuta ofisini, na kwa kuwa Dodoma ilikuwa imekusanya watu wa nchi nzima, kila mmoja alikuwa na kitu. Mwalimu wa kutoka Mbeya alilijua swali. Mwalimu wa kutoka Bukoba hakulijua, lakini alikuwa na vijitu vyake vya porini. Mwenye duka la vitambaa mjini, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mpwapwa, alisikia nikimweleza shoga yangu, akadakia kutoka nyuma ya kaunta kwamba yaya wake alimtishia kwa watu wafupi kila alipokataa kula mlenda. Kila Jumamosi mama alipokuja kwetu, mtaa wa Kikuyu pale Dodoma, kabla hata hajavua viatu aliniuliza, "Umepata nani mpya?" nami nilimwagia yote niliyookota wiki nzima. Mume wangu alisema tumerogwa na hao watu wafupi. Labda kweli.

Kisha wifi yangu akajifungua.

Alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji kimoja kule Usandawe, magharibi ya Kondoa, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alisema anakwenda kumwogesha mjukuu, na mimi nikasema siwezi kubaki. Tulifunga unga wa uwele wa uji, sukari, sabuni, vitenge, na flanel za mtoto tulizonunua kwa yule mzee wa Kihindi, tukapanda basi la mtu binafsi mpaka Kondoa, basi jipya lenye kaseti inayopiga muziki njia nzima. Kutoka hapo tukadandia lori la wafanyabiashara wa mitumba waliokuwa wakielekea mnadani. Mama aliketi juu ya robota la nguo, akashika kamba kwa mikono miwili, macho yakimng'aa. Milima ya mawe ilikuja, ikapita. Kila jiwe kubwa alinionyesha kwa kidevu.

"Pale wangeweza kukaa," alisema.

"Na pale?"

"Pale ndio kabisa!"

Tulimkuta wifi mzima, amechoka, na mtoto wa kike mwenye sauti ya filimbi. Mtoto alilia mchana kutwa. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa. Siku ya pili asubuhi wifi alikuwa karibu kulia naye, basi mama akamchukua mtoto, akatoka naye uani, akamlaza begani, akaanza kutembea kutoka mlango hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Na bila kufikiri, kama alivyofanya kwa wanawe wote, akapiga ile sauti. Kidoko, na irabu ndefu. Tena. Na tena.

Ng'ambo ya ua, kwa jirani, mchi uliokuwa ukitwanga ulinyamaza.

Mwanamke alichungulia juu ya ua wa miti, mchi ungali mkononi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kitambaa cha bluu kichwani. Akasema kitu kwa lugha yake, haraka, na ndani ya maneno yake nilisikia vidoko viwili, vitatu, vikipasuka kama mahindi kwenye kikaango.

Nilisogea karibu na ua.

Mama hakuelewa. Yule jirani akarudia kwa Kiswahili. "Mama, shikamoo. Samahani. Nani amekufundisha kumwambia mtoto hivyo?"

"Marahaba. Kumwambia nini?"

"Hilo neno."

"Si neno, mwanangu. Ni sauti tu ya kubembeleza."

"Ni neno," alisema jirani. "Umelikata mkia, lakini ni neno. Unamwambia, asali, asali."

Mama alisimama palepale, mtoto begani. Mtoto naye alikuwa amenyamaza. Halafu mama akasema kwa sauti ndogo sana, "Asali?"

"Asali. Sikiliza." Jirani akalisema lote, kidoko chake kikali na safi, na mwishoni pana kipande ambacho mama hakuwa nacho. "Bibi zetu walikuwa wanamtia mtoto tone moja ulimini. Ndiyo maana anaahidiwa."

Mama alilirudia. Jirani akatikisa kichwa. Mama akalirudia tena, na safari hii jirani akaupiga kofi mchi wake na kusema, "Hapo hapo!" Ndipo mama alipoanza kulia na kucheka kwa pamoja, machozi yakimtiririka mpaka kwenye flanel ya mjukuu, akisema, "Jamani, asali! Maisha yangu yote nimekuwa naahidi watoto asali na sijampa hata mmoja!"

Uani pakajaa. Jirani aliruka ua, akaita dada zake, wakaja na watoto, wote wakitaka kumsikia mgeni kutoka reli ya kati akisema lile neno. Mama alilisema mpaka ulimi ukamuuma. Alieleza habari za yule bibi wa bibi aliyetoka porini. Hakuna aliyemjua, bila shaka, ni muda mrefu mno, lakini wanawake wale walibishana kwa furaha huyo bibi alikuwa wa upande gani, wa mlima huu au mlima ule, na kila mmoja alimdai kuwa wa kwao.

Kisha mama akauliza. Nilijua atauliza, na nilikuwa nimejikunja kwa aibu kabla hajafika mwisho.

"Basi ninyi ndio wale watu wafupi?"

Jirani akasogea, akasimama kando ya mama mkwe wangu. Kichwa cha mama kilimfikia kifuani. Akatutazama wote, mmoja mmoja.

"Nani mfupi hapa?" alisema.

Tulicheka mpaka wifi akatoka ndani kutuomba tupunguze, mtoto amelala. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliomba radhi, akaeleza hadithi yake, pinde ndogo, mtama ukingoni mwa shamba, kibuyu cha asali, na mimi nikaeleza ndevu za Songea. Wakasikiliza kwa makini. Jirani alisema wao pia wanao watu wadogo, wanakaa ndani ya mlima, na mtoto hasemi ovyo akipita hapo. Alituonyesha mlima wenyewe kwa mkono. Mama akanitazama kama mtu aliyekaribia kushika mkia wa kitu na kitu kimeruka tena.

"Na swali?" niliuliza. "Hao wa mlimani wanauliza umewaona tangu wapi?"

"Hapana," alisema jirani. "Hao hawaulizi. Anayeuliza hivyo ni baba yangu."

"Baba yako?"

"Baba ana mizinga porini. Akikuta mtu karibu na mizinga yake, kabla ya salamu anamuuliza: umeniona tangu wapi? Wazee wote wa asali ndivyo walivyo. Mtu aliyekuona tangu mbali amekuja wazi, anapita tu njia yake. Mtu aliyekuona ulipokuwa karibu kabisa, huyo alikuwa ananyemelea. Ni mwizi wa asali."

Alisema hayo huku akichambua mboga, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Lakini mama aliyekuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa aliinuka taratibu, na niliona wazo likimjia usoni kabla halijafika mdomoni.

"Mwanangu," aliniambia mimi, "haikuwa urefu."

"Nini?"

"Swali. Halikuwa la urefu! Babu zetu walipita na ng'ombe, wakakutana na mtu kwenye majani amechutama kando ya mzinga wake, ana upinde. Akawauliza kama baba wa huyu anavyouliza. Wao hawakujua habari za mizinga. Wakarudi nyumbani wakajiuliza, kwa nini ametuuliza hivyo? Mtu anauliza hivyo kwa sababu gani? Wakasema, aa, anaona aibu, ni mfupi!"

"Na kwa kuwa alikuwa amechutama…"

"Amechutama! Kwenye majani!" Alichutama yeye mwenyewe palepale kutuonyesha, akavuta upinde usiokuwepo, na kwa kweli hakuonekana zaidi ya kichwa. Watoto wa jirani walipiga kelele za furaha. Jirani alikuwa ameacha mboga, mkono mdomoni.

Sijui kama ni kweli. Nimelifikiria miaka mingi na nimewahi kulisema mbele ya watu waliosoma kuliko mimi, wengine wakatabasamu, wengine wakaandika. Lakini uani pale, jua la asubuhi likiwa bado zuri, lilitua kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Na Songea, mama?" niliuliza. "Songea ni mbali. Huko je?"

Alijipangusa vumbi magotini. "Kwani Songea hakukuwa na asali?"

Kesho yake baba wa jirani mwenyewe alileta asali, nyeusi, yenye vipande vya sega na mabawa ya nyuki. Mama alichovya kidole, akamtia mjukuu tone kwenye ulimi kabla wifi, muuguzi, hajawahi kumzuia. Wifi alifoka kweli, alisema mtoto mchanga hapewi kitu kingine zaidi ya ziwa, na mama akakubali makosa kwa unyenyekevu mkubwa huku akimtazama mtoto akilamba midomo. Wakati wa kuagana wanawake walitusindikiza mpaka kwenye lori.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonifundisha zaidi, ingawa wakati ule iliniudhi. Lori lilijaa watu wa mnadani, wanunuzi wa mbuzi na wauza nguo, na kabla hatujafika barabara kuu mama alikuwa ameanza kusimulia. Alisimulia vizuri. Watu waliacha kuongea bei wakasogea. Alisimulia jinsi mtoto alivyolia, jinsi mchi ulivyonyamaza, jinsi jirani alivyochungulia juu ya ua. Ila jirani hakuchungulia juu. Alichungulia chini, kati ya miti ya ua, kwa kuwa kimo chake hakikumruhusu zaidi.

Nilimvuta kitenge. "Mama. Yule mwanamke alikuwa mrefu kuliko mimi."

Alininong'oneza bila kugeuka. "Nikiwaambia alikuwa mrefu, nani atasikiliza?"

"Lakini si kweli."

"Asali ni kweli. Neno ni kweli. Wacha nifike kwenye asali."

Na akafika. Watu walishangilia, mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akaapa kwamba mjomba wake aliwahi kukutana na watu haohao, akaanza yake. Nilinuna kidogo kwa niaba ya yule jirani, na wakati huohuo nikiwa na msisimko ambao sikuwa na mahali pa kuuweka. Mwezi mzima nilikuwa natafuta mwanzo wa hadithi za watu wafupi, na huo hapa ulikuwa unatokea mbele yangu, juu ya lori, kwa kinywa cha mtu ninayempenda.

Miaka ilipita. Mama alituacha, akiwa ameshawaona wajukuu wengi, na wote aliwapigia kile kidoko, chenye mkia wake sasa. Mimi nilihamishiwa kusimamia shule kadhaa upande wa Bahi. Mwaka mmoja mvua zilikuwa nzuri, bwawa likajaa, na samaki wakauzwa kandokando ya barabara. Nilisimama kwa mwanamke aliyekuwa na kambale wakubwa kwenye beseni. Alinitazama, akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi, nikamwambia ni mwalimu kutoka Dodoma mjini.

"Afadhali umekaa mjini," alisema. "Kuna mwalimu mwenzako alikwenda huko Kondoa na mkwewe, wakaingia kwa watu wafupi."

Niliweka mkoba wangu chini.

"Ikawaje?"

"Walikuwa wakali, lakini yule mkwe alikuwa amefundishwa neno lao. Alipolitamka tu wakatupa pinde zao, wakawaletea asali. Wakamwambia, wewe ni mtoto wetu, ulipotea."

"Na mwalimu?"

"Huyo hakurudi. Walimpenda, wakamwoza kwa mkubwa wao. Yuko huko mpaka leo, wanamwita mama."

Mteja mwingine, kijana wa bodaboda aliyekuwa akichagua samaki, alisema hapana, mwalimu alirudi, ila hakusema tena Kiswahili. Mwanamke wa samaki akamkatalia, wakaanza kubishana, na mimi nikavuta ndoo tupu iliyokuwa karibu, nikaipindua, nikaikalia.

"Dada," nilimwambia, "nifungie hao wawili wakubwa. Halafu nianzie mwanzo. Walipandia wapi?"